Milimita Moja ya Akiba

Silinda ya Honda CG125 ikitoka kiwandani ina kipenyo cha milimita 56.5. Ikilika mpaka pistoni ianze kugonga, kitabu cha kiwanda kinakubali ichongwe robo milimita na kuvalishwa pistoni iliyo pana zaidi kwa kiasi hicho hicho. Ikichakaa tena, robo nyingine, vivyo hivyo hadi mara nne, hadi 57.5. Pistoni za saizi zote hizo zilitengenezwa na kuuzwa, namba zikiwa zimepigwa muhuri kichwani: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Kwa hiyo mchoraji aliyekaa Japani miaka ya sabini, alipoamua unene wa chuma cha silinda, aliamua pia kwamba chombo chake kitazeeka, na kwamba mahali fulani asipopajua, fundi fulani asiyemjua atahitaji nyama ya kuchonga. Akamwachia milimita moja.

Katika milima ya Gusii, nchini Kenya, akiba hiyo imeliwa kwa utaratibu, na watu wanaojua wanachokila. Ukitaka kuwaona, nenda Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti umeukata, upande huu Kisii na upande ule Nyamira, na mafundi wa pikipiki wako pande zote mbili bila kujali mpaka. Mmoja wao, mzee asiyependa maneno mengi, huweka pistoni zilizotolewa kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo chini ya benchi. Hazitumiki tena kwa lolote. Lakini mteja akija na pikipiki ambayo amewahi kuifungua, mzee hupekua mkebe, akatoa pistoni ya mara ya mwisho, akasoma namba kichwani, na mara moja akajua kimebaki kiasi gani. Hilo ndilo daftari lake.

Pikipiki hazikuja huku kwa ajili ya abiria. Kabla ya boda boda, pikipiki ilikuwa chombo cha kazi ya serikali na ya kanisa. Afisa wa kilimo alikuwa nayo, daktari wa mifugo aliyekuja kupandikiza ng'ombe mbegu alikuwa nayo, na padri pia, na wale waliowazungukia wakulima wa majani chai. Zilikuwa Yamaha AG100 na DT, Suzuki TF125, Honda XL na CG, nyingi zikiwa na namba za serikali za GK. Zilipanda vilima vya Manga na kushuka hadi mito ambako gari halifiki, kwa sababu ardhi ya Gusii imegawanywa na kugawanywa tena mpaka kila boma limesukumwa hadi mwisho wa mteremko. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.2 katika Kaunti ya Kisii na zaidi ya laki sita Nyamira, na sehemu kubwa yao hufikiwa kwa njia ambayo mvua ikinyesha hugeuka tope jekundu. Na mvua hapa hainyeshi kwa kubahatisha. Kwa mwaka hupita milimita 1,500. Basi pikipiki za serikali zilipochoka zikapigwa mnada, zikanunuliwa na walimu na wenye maduka, na hapo ndipo maisha yao ya pili yalipoanza, bila bajeti ya wizara wala gereji ya serikali. Yalianza mikononi mwa fundi wa kando ya barabara.

Kuhusu watengenezaji, kuna jambo ambalo fundi wa Keroka angelifurahia kama angelisikia. Soichiro Honda, kabla hajatengeneza pikipiki hata moja, alikuwa mtengenezaji wa ringi za pistoni, na ringi zake za kwanza zilikuwa mbovu. Alichagua ringi 50 kati ya maelfu aliyoyatengeneza akazipeleka Toyota zikakaguliwe. Zilizopita ni 3. Mtu mzima, mwenye karakana yake na wafanyakazi wake, alikuwa hata amekwenda kuketi darasani katika shule ya ufundi ya Hamamatsu kusoma sayansi ya metali, ili ajue kwa nini chuma chake hakikuwa na tabia aliyoitaka. Baada ya vita, mwaka 1946, akapata vijiinjini vilivyokuwa vikiendesha jenereta za redio za jeshi, akavifunga kwenye baiskeli. Tangi la petroli la ile ya kwanza lilikuwa chupa ya chuma ya kuwekea maji moto ya kupashia kitanda joto. Fundi yeyote wa jua kali aliyewahi kumfungia mteja tangi la kibuyu cha plastiki ili afike nyumbani jioni hiyo angemtambua mwenzake. Kampuni yenyewe ilisajiliwa Septemba 1948. Mwaka 1958 ikatoa Super Cub, kile kijipikipiki chembamba ambacho kufikia 2017 kilikuwa kimetengenezwa mara milioni mia moja. Lakini Super Cub ni habari ya lami na ya tambarare. Kwa milima yetu, ninayotaka kuisifu ni CG.

Honda ilikuwa tayari na injini nzuri ya saizi ile, ya CB125. Kamshafti yake ilikaa juu kabisa, kwenye kichwa cha silinda, ikizungushwa kwa cheni nyembamba kutoka chini. Ni muundo mwepesi unaopenda mbio. Lakini una masharti yake: oili iwe safi na ifike juu kwa wakati, na cheni ile ikazwe. Katika nchi za Asia ambako pikipiki ilikuwa ikibeba familia na mizigo, oili haikubadilishwa kwa ratiba, na cheni haikukazwa na mtu yeyote. Kampuni ingeweza kuandika kitabu kikali zaidi cha maelekezo. Wahandisi wakachora injini nyingine.

Katika CG, kamshafti imeshushwa chini, karibu na krankishafti, na inazungushwa kwa gia moja kwa moja. Cheni imeondolewa. Kamshafti ina nundu moja tu inayofanya kazi ya valvu zote mbili: vidole viwili vinaigusa kutoka pande tofauti, na fito mbili za chuma zinapanda kusukuma roka juu. Oili haipiti kwenye karatasi ya kuchuja ambayo mtu atasahau kuibadilisha. Uchafu unarushwa pembeni ndani ya kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krankishafti, na wavu mdogo chini unashika mabaki. Chujio la hewa ni sponji inayooshwa. Cheni ya gurudumu la nyuma ikafunikwa kabisa ndani ya bati. Ukiisoma injini hii kipande kwa kipande, unaona jinsi mchoraji alivyoyawaza mazoea mabaya ya mteja mmoja baada ya jingine, akakaa nayo, akayatafutia nafasi. Hakumdharau mteja kwa mazoea hayo. Kwangu mimi huo ni uungwana mkubwa kuliko umaridadi wowote wa chuma.

Sponji ile, kwa mfano. Huko Tabaka, kwenye machimbo ya mawe laini ya kuchonga vinyago, vumbi la mawe huwa jeupe na jepesi, na huingia kila mahali. Pikipiki inayobeba mawe kutoka shimoni hadi kwa wachongaji huziba chujio lake haraka kuliko ya Nyamira mjini. Kama chujio lingekuwa la karatasi, mwenye pikipiki angelitupa na kuendesha bila chujio, na ringi zingesagwa kwa msimu mmoja. Sponji huoshwa kwa petroli kidogo, hukamuliwa, hupakwa oili, hurudishwa. Hainunuliwi. Kwa hiyo hurudishwa kweli.

Sasa mtazame fundi akifanya kazi yake. Pikipiki imeletwa ikitoa moshi wa buluu na nguvu zimepungua mlimani. Hafungui kitu kwanza. Anaomba iwashwe, anashika bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye injini na mpini anauweka sikioni, kisha anahamisha ncha pole pole: kwenye kichwa, kwenye silinda, kwenye mfuniko wa klachi, chini kwenye beringi. Kila mahali pana sauti yake. Mgongo wa roka wenye nafasi kubwa hutoa mlio mkavu wa haraka. Pistoni iliyolegea hugonga injini ikiwa baridi na kupunguza ikipata joto. Beringi kubwa ya chini ikianza kufa, sauti yake ni nzito, na hiyo ndiyo mzee wa Keroka huiogopa, kwa sababu tiba yake si ya benchi lake. Akimaliza, anazima, anatoa plagi na kuitazama mdomo. Ikiwa rangi ni ya chai ya maziwa iliyokolea, mchanganyiko wa hewa na petroli uko sawa. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Nyeusi yenye unyevu, oili inapanda. Nyeupe, injini inaungua kwa uchu wa petroli, na pistoni iko hatarini.

Kwa Gusii plagi nyeusi ni jambo la kutarajia. Mji wa Kisii uko yapata mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu za Borabu ziko juu zaidi. Hewa ya huko ni nyembamba kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, lakini kabureta haijui hilo. Inamimina petroli kana kwamba bado iko pwani. Fundi anajua. Anafungua kabureta, anatoa sindano, anakihamisha kibanio kidogo mkato mmoja juu ili sindano ishuke, petroli ipungue. Kazi ya dakika chache. Nimewahi kumwuliza mzee alijifunzia wapi hesabu ya kimo cha juu ya bahari. Akanijibu, "Hakuna hesabu hapo, mwanangu. Pikipiki ya kutoka Kisumu ikipanda hapa hukohoa. Naipunguzia."

Vipimo vyake vingine navyo ni vya kustaajabisha. Plagi ya CG, NGK D8EA, inatakiwa kuwa na mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Msumeno wa chuma, ule ubavu mwembamba wa kukatia mabomba, una unene wa milimita 0.6 na kitu. Fundi hupitisha kipande cha msumeno kilichovunjika kati ya ncha za plagi. Kikipita kwa kusugua kidogo, mwanya umekaa. Valvu za CG zinatakiwa nafasi ya milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Wembe wa kawaida una unene wa karibu milimita 0.1. Basi nafasi inakazwa mpaka wembe ukatae kuingia, kisha inakazwa tena kidogo, kwa kiasi ambacho mkono unakijua na ulimi hauwezi kukisema. Mwenye kipimo halisi cha mabati ya kupimia angeona ni kubahatisha. Nimeona mabati hayo yakiletwa na kijana aliyesoma Kisii National Polytechnic, yakaingizwa kwenye valvu alizokaza mzee, na bati la 0.08 likapita kwa msuguano unaotakiwa. Kijana alinyamaza. Mzee naye hakusema neno, ila aliyaomba mabati ayatazame, akayapenda, na tangu siku hiyo huyaazima.

Kama ni ringi na silinda, kazi inahama benchi. Silinda inapelekwa kwa mwenye mashine ya kukereza, pamoja na pistoni mpya. Sharti hili halivunjwi na fundi mwenye akili: hupeleki silinda peke yake ukasema ichongwe hadi 0.50, kwa sababu pistoni iliyoandikwa 0.50 inaweza kuwa na tofauti ndogo, na nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na ukuta ni sehemu chache tu za mia za milimita. Ikibana zaidi, pistoni itavimba kwa joto na kukwama ukiwa katikati ya mlima wa Kebirigo na mama na mtoto nyuma. Ikilegea zaidi, umelipia bure. Mkerezaji anaipima pistoni kwanza, kisha anachonga silinda iifuate. Mwisho anaisugua kwa mawe ili ukuta ubaki na michoro myembamba inayokingamana, kwa sababu ukuta laini kabisa hauwezi kushika oili na ringi hazitaketi. Anayeangalia kwa mara ya kwanza hudhani mikwaruzo hiyo ni kazi mbaya.

Kisha injini inarudi Keroka na inafungwa, na hapa ndipo wanafunzi hutofautiana na mwalimu wao. Kijana hukaza kwa nguvu. Mzee hukaza kwa zamu: boliti hii nusu, ya mkabala wake nusu, arudi, aongeze. Alumini ya zamani haisamehe. Na bisibisi. Bisibisi ya nyota ya kawaida inayouzwa madukani imechongwa kwa kipimo cha Marekani, na skrubu za Kijapani za enzi zile zina kipimo chao, zinafanana kwa macho tu. Ukitumia bisibisi isiyo yake, inapanda na kuruka, na kichwa cha skrubu kinalika. Pikipiki nyingi za zamani unazoziona na skrubu za mfuniko zilizoharibika ziliharibiwa na tofauti hiyo ndogo ambayo hakuna aliyemweleza fundi. Wengine walijifunza wenyewe kusaga ncha ya bisibisi kidogo kwenye jiwe ili izame. Mzee ana moja ya namna hiyo na haruhusu iguswe.

AG100 ni mnyama mwingine. Injini yake ni ya mipigo miwili, haina valvu za kupanda na kushuka. Pistoni yenyewe ikipita ndiyo inayofungua na kufunga matundu ukutani. Vinavyozunguka na kupanda humo ndani ni vitatu tu: pistoni, mkono wake na krankishafti. Unyenyekevu wa ajabu. Lakini oili yake huungua pamoja na petroli, na kila kitu kinategemea oili hiyo iwepo. Tangu 1964 Yamaha iliweka pampu ndogo inayoiingiza oili yenyewe kutoka kwenye kitangi chake, ili mwendeshaji asilazimike kuchanganya. Wazo zuri. Baada ya miaka thelathini na zaidi ya tope, mafundi wengi hawaiamini tena pampu hiyo. Huiziba na kumwambia mwenye pikipiki arudi kwenye desturi ya zamani, nusu lita ya oili kwa lita kumi za petroli. Itatoa moshi, majirani watalalamika, pistoni itaishi.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuja na yake ikiwa imekwama.

"Mwalimu, hii umeitia oili gani?"

"Ile ya siku zote, fundi."

"Ya siku zote ni ya gari, mwalimu."

"Si oili ni oili?"

Mzee hakubishana. Aliitoa ekzosi, akaiinamisha, akagonga, na tope jeusi la kaboni likaanguka juu ya gazeti. Kisha akaiweka juu ya makaa ili iliyobaki iungue. Mwalimu alitazama moshi ule kwa muda, akaagiza chai ya watu wote waliokuwa pale.

Hadi hapa nimezungumzia pikipiki, lakini heshima yangu inafika pia kwa vijiinjini visivyokwenda popote. Ulipokwenda kwenye matanga vijijini Nyamira, kabla umeme haujasambaa sana, sauti iliyofika mapema kuliko ya mhubiri ilikuwa ya jenereta ndogo ya Yamaha ET950, injini ya sentimita za ujazo 63 tu, imewekwa nyuma ya migomba ili isisumbue. Ilibeba spika, maikrofoni na taa kadhaa usiku kucha. Penye mifugo inayolishwa zizini, injini ya Honda inakata matete. Mtoni, pampu inavuta maji ya kuoshea pikipiki zilizotoka matopeni. Familia ya GX ya Honda ilitoka 1983, valvu zikiwa juu ya kichwa wakati injini nyingi za shambani bado zilikuwa nazo ubavuni, na kinachonivutia zaidi ndani yake ni gavana: vipande vidogo vya chuma vinavyofunguka kwa mzunguko, vinasukuma mkono mdogo, mkono unafungua au kufunga kabureta. Matete mazito yakiingia, injini inainama kidogo, gavana anahisi, inainuka. Hakuna aliyeigusa. Kijana wa kulisha ng'ombe anaendelea kusukuma matete bila kujua kwamba kuna aliyemfikiria.

Watu husema uchina umeua vitu imara. Siikubali kauli hiyo bila kuipima. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na pikipiki za Kichina zikamiminika hadi vijijini. Injini iliyokuwa ndani ya nyingi kati yao ilikuwa ni nakala ya ile ile CG: fito mbili, nundu moja, kikombe cha kurushia uchafu. Namba yake iko ubavuni, 156FMI, yaani silinda moja, kipenyo cha milimita 56. Nakala za GX nazo huandikwa 168F, na kipenyo cha GX160 ni milimita 68. Chuma cha nakala mara nyingi ni laini, na vijana wengi wa boda boda wanalijua hilo kwa mifuko yao. Lakini tazama kilichotokea kwa zile za zamani. Gasketi, nyaya za klachi, roka, fito, kabureta, pistoni, vyote vilianza kupatikana kwa bei nafuu hata Ikonge na Ogembo, kwa sababu kila kinachofaa nakala aghalabu huifaa asili yake kwa kusugua kidogo. CG ya mwaka 1980 ambayo ingekufa kwa kukosa gasketi ya shilingi chache ilipata uhai kutoka kwa wajukuu wake. Za Kihindi nazo zina ukoo wa Kijapani kwa njia nyingine: Bajaj ilishirikiana na Kawasaki, TVS na Suzuki, Hero na Honda.

Na wala Wajapani wenyewe hawakuanza kwa kubuni. Pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata muundo wa DKW ya Ujerumani. Tofauti haiko katika kunakili. Iko katika alichofanya mnakili baada ya hapo: aliendelea kupima, au aliridhika?

Pia niseme jambo ambalo wapenzi wa pikipiki za zamani hawapendi kuambiwa. Tunazoziona leo barabarani ni zile zilizonusurika. Zilizokufa hazionekani, ziliuzwa kwa kilo, zikayeyushwa. Nyingi zilikuwa za Kijapani vilevile. Ukiangalia AG moja inayopanda Manga na ukasema hawatengenezi tena kama zamani, unasahau nyingine ambazo hazikupata fundi, au zilimpata fundi wa nyundo. Moshi wa mipigo miwili si mzuri kwa mapafu ya mtu yeyote, na breki za ngoma za miaka ile, zikilowa maji ya mto Gucha, humfanya mwendeshaji aombe. Uimara ninaousifu una sehemu mbili: kilichochorwa, na kilichotunzwa. Moja bila nyingine haifiki miaka arobaini.

Kwa hiyo anayetaka kununua ya zamani huku Gusii asimwulize mwenye nayo imetembea kilomita ngapi. Mita nyingi zilikufa zamani, na zinazofanya kazi zimezunguka zikaanza upya. Aulize imechongwa hadi saizi gani. Kama ni 0.25, bado ina miaka mingi. Kama ni 1.00, iko ukingoni, ingawa hata hapo pana njia: mkerezaji anaweza kuitoboa silinda pana, akashindilia slivu mpya ya chuma ndani yake, akairudisha 56.5 na hesabu ikaanza upya. Ni kazi ya bei, na si kila mkerezaji anaaminika nayo, kwa sababu slivu isiyokaa sawasawa haipitishi joto na pistoni itakwama tu.

Shida kubwa ya sasa ni AG na DT, kwa kuwa hazina wajukuu wa Kichina wengi wa kuzilisha. Pistoni zake huagizwa Nairobi, Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na huletwa na matatu ya usiku kama kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na utepe. Mzee wa Keroka halipi kabla ya kufungua. Anatoa kipimo chake, anaipima pistoni chini ya sketi, si kichwani, kwa sababu kichwa huwa chembamba zaidi, kisha anaigeuza na kuipima tena. Wiki iliyopita kifurushi kilikuja kimeandikwa 0.50 na ndani kilikuwa na pistoni ya saizi ya kawaida iliyogongwa muhuri mpya. Aliirudisha kwenye gazeti lake, akaifunga, akampa utingo wa gari lile lile la kurudi, na kumwandikia muuzaji vipimo vitatu kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi ya sigara.